Kabati la Mama Achieng

Kila nikisikia harufu ya vanishi mbichi, nakumbuka siku niliyojifunika leso gubigubi na kubana pumzi ili nimwone Mungu. Nilikuwa na miaka tisa. Niliona vidoa vyekundu tu, kisha mama akanifunua na kunizaba kofi.

Wazo hilo lilitokana na baba. Alikuwa fundi wa mbao huko Mashimoni, Kibera, Mkamba wa Machakos ambaye Jumapili kwake ilikuwa siku ya kunoa randa. Mama alimwombea aokoke miaka yote ya ndoa yao. Baba alimjibu kwamba Yesu mwenyewe alikuwa seremala, hangekosa kumwelewa fundi mwenye kazi nyingi.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilipoanza, mimi na mama tulikimbilia kwa shangazi, Kawangware. Baba alibaki kuokoa vifaa vyake. Jiwe likampata kisogoni akiwa mlangoni pa karakana, akaanguka, na waliompita wakasema amekufa. Jirani yetu Mama Achieng, mtu wa pande za ziwa, alimfunika kwa leso yake. Angeweza kukimbia hapo. Siku hizo watu wa kwao na wa kwetu walipishana bila salamu. Lakini kwao maiti haachwi peke yake. Alivuta mtungi wa plastiki wa maji uliokuwa mtupu, akaukalia, na kama ilivyo desturi yao, akaanza kumlilia marehemu kwa kumsemesha ana kwa ana.

“Wewe Mutua! Unaenda na kabati yangu haina milango? Huko unaenda utaambia watu nini? Si uliniapia ni wiki moja?”

Alimgombeza hivyo mpaka leso ikaanza kuinuka na kushuka puani.

Habari za kufufuka kwa baba zilifika Kawangware kabla yake. Kichwa kilipopona, pasta alimwomba atoe ushuhuda. Ushuhuda katika kanisa letu la mabati ulikuwa na njia yake: giza, mwanga, sauti, machozi. Mama alipiga shati la baba pasi mara mbili. Siku aliyoiombea ilikuwa imefika. Mimi nilikaa benchi la mbele, kwa sababu nilikuwa na maswali. Je, wafu husikia njaa? Huko juu kuna makabila?

“Bwana asifiwe,” baba akasema. “Mimi sikuona mwanga. Kulikuwa na giza, na huyo mama akinigombeza. Nikaona haya. Nikarudi.”

“Na malaika je, ndugu?” pasta akamsaidia.

“Sikuona, Pasta. Nisidanganye watu kanisani.”

Mtu mmoja nyuma alisema amina, kwa kuchelewa. Mama alilia njia nzima.

“Si ungesema tu kamwanga kadogo, Baba Mwende?”

Jioni hiyo ndipo nilipoamua kwenda kujionea mwenyewe, chini ya leso.

Siku hizo hizo baba alikuwa akitengeneza milango ya kabati lile chumbani kwa shangazi, sote tukipiga chafya kwa vanishi; barabara zilipotulia, akaisukuma kwa mkokoteni hadi Mashimoni. Tangu hapo, akisikia jirani amefiwa, awe wa kabila lolote, hubeba kigoda chake akaenda kukaa. Kanisani pia huenda, ila hukaa karibu na mlango. Mama alichukua miaka kuamua kama maombi yake yalijibiwa.

Nilipofika chuo kikuu nilisoma jinsi ubongo unavyofanya mambo ya ajabu ukikosa oksijeni. Nikarudi nyumbani mbio kumweleza baba kwamba kilichomrudisha si Mungu wala haya, ni mwili tu. Alinisikiliza huku akipiga msasa mguu wa kiti.

“Sawa, mwanangu. Na mwenye alikaa na mimi pale chini ni nani? Oksijeni?”

Bado siamini mengi. Lakini nilipojifunika leso ile, nilitaka kujua anachokiona aliye ndani yake. Ilinichukua miaka mingi kuuliza habari za yule aliye nje, anayekataa kuondoka.