Paka wa Saa Kumi Nyumbani kwa Badibanga

Katika nyumba ya Badibanga, katuni zilikuwa marufuku. Kanuni hiyo ilijulikana barabara yetu nzima hapa mtaani Kasulo, kwa sababu yeye mwenyewe aliitangaza. Televisheni yake aliifungia ndani ya kabati la mbao, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Kabati lilifunguliwa kwa habari za jioni na kwa mahubiri ya Jumapili, basi.

Badibanga alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa Musonoi, akakulia kando ya mashimo makubwa, akafanya kazi katika karakana ya kampuni mpaka mishahara ilipokoma, kisha akafungua karakana yake ndogo ya mageti na madirisha. Geti la kanisa letu ni kazi ya mikono yake na halijawahi kulegea. Alikuwa shemasi. Hakunywa pombe, hakutukana, hakuchelewa ibada. Majirani walipoanza kuchimba chini ya nyumba zao kutafuta madini ya kobalti, alisimama kanisani akasema kwamba mtu anayechimba chini ya kitanda chake anajichimbia kaburi. Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Katuni waliyoipenda watoto wa miaka ile ilikuwa ya paka watatu walioishi katika nyumba ya mwokaji mikate. Ilisemwa kwa Kifaransa cha haraka ambacho wadogo hawakukielewa, kwa hiyo waliwapa paka majina yao wenyewe. Yule mnene aliitwa Tumbo, mwembamba aliitwa Kamba, na mdogo mwenye sikio lililochanika aliitwa Masikio. Tumbo alipanda rafu akaanguka na chungu cha maziwa. Kamba alijipenyeza chini ya mlango. Masikio alikuwa mwizi kuliko wote, na kila mara mwokaji alipoingia alijifanya amelala huku unga ungali kwenye sharubu zake. Hata leo vijana wa umri ule wakikutana, mmoja akijilaza na kufumba jicho moja tu, wenzake wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Nawaelewa. Ilikuwa raha safi, na watoto wa Kasulo hawakuwa na raha nyingi.

Chancelle, binti wa jirani yake Badibanga, aliwapenda paka hao kupita kiasi. Mama yake, Yolande, alikuwa mjane aliyeuza makala, yaani mkaa, mbele ya nyumba. Hawakuwa na televisheni. Walikuwa na nyumba: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma alivyojenga marehemu mume wake, na sakafu ya sementi ambayo Yolande aliisugua kila asubuhi kama mtu anayesugua sufuria ya harusi. Hawakuwa na kitu kingine. Chancelle alipobisha kwa Badibanga kuomba kuona paka, shemasi alimjibu palepale mlangoni:

"Hapa hatuchekake na bezi, ata bakiwa paka. Rudia kwenu, usaidie mama yako."

Kisha, mwanzoni mwa kiangazi kimoja, kabati likafunguliwa. Saa kumi alasiri Badibanga alisimama barabarani, akaita:

"Batoto, mukuye! Mukuye bote, paka banaanza!"

Sauti ya televisheni ilipandishwa mpaka mabati ya paa yakalia. Mkewe, Ndaya, aliwagawia watoto mikate ya kukaanga. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Watu walisema Mungu amelainisha moyo wake. Mimi siiamini mioyo inayolainika bila sababu, na Yolande hakuiamini pia. Alimkuta Ndaya bombani.

"Mama Ndaya, bwana yako amepatwa na nini? Juzi alikuwa anafukuza batoto sawa kuku, leo anabakulisha mikate."

"Anazeeka," Ndaya akasema. "Bazee bote banapendaka katuni."

"Na ile sauti? Paka benyewe banaweza kufwa masikio."

"Eh, Mama Chancelle! Unapenda tukuwekee weye kiti ya mbele?"

Wanawake waliokuwa bombani wakacheka. Ndaya alicheka nao, lakini aliondoa ndoo yake kabla haijajaa. Yolande aliliona hilo.

Aliona na mengine. Vijana wawili, waliosemekana kuwa wapwa kutoka Mbuji-Mayi, walikaa kwa Badibanga lakini hawakuonekana uani hata siku moja. Nguo zao zilianikwa ndani. Uzio wa nyuma ulifunikwa kwa turubai. Na kila alasiri, muziki wa paka ulipoanza, maji katika beseni lililokuwa kwenye sakafu ya chumba chake cha kulala yalitetemeka.

"Chancelle, kule kwa Tata shemasi munaonaka nini?"

"Paka, mama."

"Na ingine?"

"Chumba ya nyuma iko na kufuli. Mama, usiulize! Ukiuliza atatufukuza, na kesho Masikio anaingia kwa polisi."

Yolande aliuliza. Alimfuata Badibanga karakanani, akasimama mbali kidogo na cheche.

"Tata Badibanga, maji yangu inatetemeka. Munachimba?"

Badibanga aliinua kinyago cha kuchomelea. "Miye? Miye mwenye nilisema mu kanisa?"

"Njo maana nakuuliza weye. Bengine sibaulizake, najua kazi yabo."

"Mama, unawazia mutumishi wa Mungu mubaya."

"Jibia tu. Ndiyo ao hapana?"

"Nitajibia mbele ya kanisa."

Na kweli, Jumapili alisimama mbele ya kanisa. Kwa sauti ya huzuni alieleza kwamba amewafungulia watoto nyumba yake, na malipo yake yamekuwa kushutumiwa na jirani. Alisema mengi, ila hakusema hapana. Wazee hawakuona kwamba neno hilo halikutoka. Walimwita Yolande mbele aombe msamaha kwa kumdhania ndugu vibaya, naye aliomba, huku Chancelle ameshika upindo wa kitenge chake. Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba kumdhania mtu vibaya ni dhambi kila mara. Pengine ni wajibu, na kanisa zima lilikuwa limemwachia mjane mmoja wajibu huo.

Umeme wa kwetu ulizoea kukatika usiku. Alasiri moja ulikatika katikati ya katuni, Tumbo akiwa ananing'inia kwenye pazia. Watoto walipiga kelele: "Aaah!" Kisha chumba kikawa kimya. Nyuma ya mlango wenye kufuli kulikuwa na mvumo ambao hawakuwahi kuusikia mpaka uliponyamaza. Na chini ya sakafu kitu kilikuwa kinagonga.

"Masikio iko chini ya nyumba!" mmoja akasema.

Wakaanguka kwa kicheko, wakalala kifudifudi, kila mmoja sikio lake juu ya sementi. Kugonga kukakoma. Sauti ya mtu ikaja, ya mbali, kana kwamba anasema ndani ya pipa:

"Tata! Mupepo imekatika! Tata, mupepo!"

Mashine iliyowapulizia hewa wachimbaji ilikuwa inatumia umeme uleule wa televisheni. Ndaya alikuwa tayari amesimama mbele ya mlango wa nyuma, mikono ameitandaza.

"Batoto, muende kwenu. Katuni imeisha."

Chancelle alikimbia kumwita mama yake. Yolande alikuja na mikono myeusi ya makala, akamkuta Badibanga amefika kutoka karakanani, anahangaika na funguo. Hakuna aliyesalimia. Mlango ulipofunguka, mahali pa kitanda palikuwa na shimo, na juu ya shimo gogo lililozungushiwa kamba. Badibanga alishika kamba, lakini peke yake hakuweza. Yolande akashika nyuma yake, wakavuta pamoja.

Wa kwanza alitoka na rangi ya majivu, akatapika. Wa pili, kijana zaidi, alipewa maji. Alipopata pumzi alimtazama Yolande, akatazama mikono yake.

"Aksanti, mama. Weye njo mama wa makala?"

"Njo miye."

"Tunakusikiaka asubui, tukijaza mifuko. Ukisugua, muchanga inatuangukia mu macho."

Yolande aliiachia kamba. Alimgeukia Badibanga.

"Sasa sema hapana."

Badibanga alikuwa anatazama chini. "Mushipa ya madini ilikwenda yenyewe kwenu, Mama. Si miye niliiweka kule."

"Na batoto? Nabo balikuya kwako benyewe?"

Ndaya ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba mikate aliikaanga kwa moyo mzuri. Nadhani hata hilo lilikuwa kweli, na haliongezi wala halipunguzi kitu.

Mvua zilipokuja, kona ya chumba cha Yolande ilididimia, halafu ukuta ukafuata. Hakuna aliyekufa, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuhama. Nyumba ya Badibanga bado imesimama. Anajua kazi yake: chini ya sakafu yake mwenyewe aliacha udongo wa kutosha. Alisimamishwa ushemasi kwa muda, akatubu kwa maneno mengi, akarudishwa. Televisheni imerudi ndani ya kabati, na akipita barabarani watoto wa leo wanamwamkia vizuri, maana hawajui kitu.

Yolande na Chancelle wanapanga chumba Musonoi. Chancelle sasa ni mama. Mwanawe anawapenda paka walewale. Anawaona kwenye simu, na nilipowatembelea nilimkuta Chancelle amejilaza kando yake, amefumba jicho moja kama Masikio, mtoto anacheka mpaka anakohoa. Mtoto akataka kuongeza sauti. Chancelle alifungua jicho, akaichukua simu, akaipunguza sauti mpaka karibu haisikiki.

"Mama, juu ya nini?"

"Nataka kusikia nyumba," akasema.

Yolande alipoteza nyumba aliyoachiwa na mumewe, na hajapata nyingine.