Uyoga wa Wakati wa Mpunga

Pale kijijini kwao, katika eneo la Isani, Buapan ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi na uyoga kila mwaka, na hakuwa mtu wa kuficha ushindi. Alipita na kapu lake barabara kuu, si vichochoroni. Akiulizwa kautoa wapi, alijibu, "Msituni," akacheka.

Mwaka ule mvua ikamfanyia kiroja. Ilinyesha siku chache mwanzoni mwa msimu, watu wakakimbilia msituni, kisha mbingu zikafunga. Majani makavu yakawa yanalia chini ya nyayo. Buapan akarudi mikono mitupu, wifi yake Samniang akamdaka mlangoni.

"Wifi, uyoga umekukimbia, au siku hizi unaula hukohuko?"

"Ngoja tu."

"Tutangoja hadi meno yatuishe!"

Mvua ya kweli ilikuja wakati ambao, zamani, uyoga ungekuwa umeshakwisha. Kijiji kizima kikaingia majarubani kupandikiza mpunga, kwa kusaidiana zamu kwa zamu, na msitu ukasahaulika. Buapan aliinama topeni kwenye jaruba la Samniang, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mizizi ya miti. Mama yake alimfundisha mwezi wa kwenda. Lakini mwezi wenyewe ulikuwa na nini, kama si ardhi kunywa ikashiba, kisha jua likaipasha? Sasa ndiyo imeshiba. Na tangu juzi, kila mvua ikikatika, jua linachoma.

Asubuhi akachukua kapu.

"Unakwenda wapi, na miche inanyauka?" Samniang akafoka.

"Msituni."

"Jamani, mwoneni! Anafuata uyoga wa mwaka jana!"

Jaruba zima likaangua kicheko. Buapan akashika njia, shingo juu.

Chini ya miti mirefu alifukua majani kwa kijiti. Hakuna kitu. Akasogea bondeni, akafukua tena. Hakuna. Alianza kusikia kile kicheko masikioni. Kisha kijiti kikafunua kitu cheupe, kama yai lililotagwa udongoni, na pembeni yake jingine limepasuka, kichwa cha uyoga cha manjano kikichungulia.

"Nilisema mimi!" akapaza sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Adhuhuri alirudi kwa kupita katikati ya majaruba, ili kila mtu amwone. Akalitua kapu mbele ya wifi yake. Samniang akainua majani yaliyolifunika.

"Mwezi huu?"

"Mwezi huuhuu."

"Haya, mama uyoga, leo umetuweza. Ila miche yangu utaimaliza leo."

"Nikishashiba."

Wakaupika kwenye kibanda cha shambani, kwa pilipili nyingi, wakachovya matonge ya wali wa kunata mchuzini hadi chungu kikabaki kitupu.

Mwaka uliofuata, mvua za mwanzo zilipodondoka, watu walipitia kwanza kwa Buapan na makapu yao. Akawaacha wasimame kidogo. Akachutama chini ya mti, akaingiza kidole udongoni, akatulia kama mganga.

"Bado," akasema.

Wakageuza, wakarudi makwao, Samniang akiwa mbele.