Sura Tatu Alizosoma Mama

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu Noonkopir, mtaa wa Kitengela, aliweka sheria moja ambayo hakuna aliyeipinga: hutazami filamu iliyotokana na kitabu kabla hujakisoma kitabu chenyewe. Hatukuwa hata na televisheni. Ilikuwa miaka ya tisini, na sheria hiyo haikuwa na kazi kubwa, lakini baba aliitaja mara kwa mara, hasa alipokuwa akipiga viatu rangi siku ya Jumapili.

"Ukitanguliza filamu," alikuwa akiniambia, "kila mtu kwenye kitabu atakuwa na sura uliyopewa. Wewe hutakuwa na kazi yoyote."

Nilikuwa mtoto wao wa pekee. Kwetu ni magharibi, na tuliletwa Kitengela na barua ya uhamisho wa baba. Tulipanga vyumba viwili vya mawe, na nyuma yake kulikuwa na uwanda mtupu. Asubuhi nyingine tuliamka tukawakuta punda milia wamesimama karibu na kamba ya nguo. Mama alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa dirishani katika chumba cha mbele, na wanawake waliofanya kazi viwandani upande wa Athi River walimletea vitambaa. Vipimo hakuviandika kwa maneno. Alichora blauzi ndogo au sketi ndogo, kisha akaweka nambari kando ya kiuno, kando ya mkono, kando ya shingo. Mimi nilidhani mafundi wote hufanya hivyo.

Nilipokuwa darasa la saba, ilitangazwa kanisani kwamba likizo ya Agosti kungeonyeshwa filamu katika ukumbi. Ilikuwa imetengenezwa kutokana na riwaya ya Kiswahili ambayo baba alikuwa nayo, juu ya mama mmoja mjane ambaye mwanawe alikwenda kufanya kazi ya reli asirudi. Yule mama anafunga mlango wa nyumba yake na kuifuata reli kwa miguu, stesheni baada ya stesheni, akimuulizia kijana wake.

Baba alinipa kitabu siku hiyohiyo. "Una wiki tatu," akasema.

Nilisoma kwa sauti, kwa sababu nilipenda kujisikia. Nilikaa kwenye mkeka karibu na cherehani, na mama akashona. Sasa ninapokumbuka, najua kwamba mguu wake ulikuwa ukipunguza mwendo kila nilipofika mahali pazuri, na mara nyingine ulisimama kabisa. Wakati ule nilidhani uzi umekatika.

Jioni moja baba aliingia akanisikia. "Wewe si mtoto wa darasa la pili," akasema. "Msomaji mkubwa husoma kwa macho."

Nikaona haya. Nikafunga mdomo tangu saa hiyo, na kitabu kilichobaki nikakisoma kimya, kitandani kwangu. Mama mjane alikuwa amefika stesheni ya nne. Mkuu wa stesheni alikuwa amemwambia, "Keti hapo, nitafute jina lake kwenye daftari."

Siku ya filamu ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mama alikuwa amejishonea blauzi mpya ya kijani, yenye mikono mifupi, na alikuwa ameivaa. Baba alisimama mlangoni kama mkagua tikiti. Alikuwa na furaha. Sikumwona na furaha kama ile mara nyingi.

"Nani amesoma?" akauliza.

"Mimi!"

"Stesheni ya saba alilala wapi?"

"Kwa yule mwanamke wa kuuza uji."

"Pita." Kisha akamgeukia mama, bado anatabasamu. "Na wewe, Mama, umesoma?"

Kabla mama hajajibu, mimi nikacheka. "Mama? Mama hajafungua hata ukurasa wa kwanza!"

Nilimtazama baba nikitarajia acheke pamoja nami. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Mama alikuwa akinyoosha ukosi wa blauzi yake.

"Niko na nguo ya mtu haijaisha," akasema. "Nendeni tu. Mtanihadithia."

"Mama, nilikuwa natania," baba akasema.

"Najua, Mwalimu. Nendeni msichelewe."

Tukaenda. Baba alitembea mbele yangu mpaka kanisani.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa blanketi. Mbele kabisa walikaa akina mama wa Kimaasai, mmoja wao yule aliyetuletea maziwa kila asubuhi, ambaye tulimwita Yeyo. Sidhani hata mmoja wao alikuwa amesoma kile kitabu. Walicheka pale pa kucheka. Mjane alipoonyeshwa jina la mwanawe kwenye daftari, limekatwa kwa mstari, Yeyo alijifunika uso kwa shuka yake, mabega yakatikisika.

Mimi sikulia. Nilikuwa nikihesabu makosa. Stesheni zilikuwa tano badala ya tisa. Muuza uji hakuwepo. Mjane alikuwa mnene mno. Kila nilipoona kosa nilimgusa baba mkono, naye akaitikia kwa kichwa tu. Tulipotoka nje kwenye mwanga, Yeyo alikuwa bado anapangusa macho, na nikamhurumia, nikiona kwamba amelizwa na kitu nusunusu.

Nyumbani mama alituandalia chai. Blauzi ya kijani alikuwa ameivua.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Kitabu ni kizuri zaidi," nikajibu.

"Huyo wa stesheni alipata jina kwa daftari?"

Baba aliinua macho haraka. Mimi nikajibu kwa ile sauti yake ya darasani: "Soma, Mama, utajua."

Hakuna aliyenikemea. Mama alinijazia kikombe.

Miaka miwili baadaye nilichaguliwa kwenda shule ya upili ya bweni, Kajiado. Shule ya baba ilifunguliwa siku hiyohiyo, kwa hivyo mama ndiye aliyenipeleka, amebeba ndoo yangu na mimi nikiburuta sanduku. Upepo wa Kajiado ulikuwa ukirusha vumbi jeupe mpaka nyusi zetu zikawa kama za wazee. Ofisini karani alimsukumia mama fomu mbili.

"Mzazi, soma masharti, ujaze hapa, na utie sahihi hapa chini."

Mama alizitazama zile karatasi. "Nimesahau miwani," akasema.

Mama hakuwahi kuwa na miwani. Alitunga uzi kwenye sindano bila kukaza macho. Karani aliinama tena kwenye kazi yake, na mama akanisogezea fomu bila kunitazama. Nikajaza. Ilipofika sahihi akachukua kalamu, akaandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama anavyodarizi. Alipomaliza, jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo wake.

Nje kulikuwa na benchi chini ya ukuta. Tukaketi kumsubiri matroni.

"Mama," nikasema, "hujui kusoma?"

Alitazama langoni, wazazi wengine wakiingia na magodoro. "Jina langu najua. Na nambari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mama yangu alikufa nikiwa darasa la kwanza. Kulikuwa na watoto wawili nyuma yangu, mmoja hajaanza kutembea. Basi nikabaki nyumbani."

"Baba anajua?"

"Anajua. Tulipooana alianza kunifundisha. Alikuwa akitoka kufundisha watoto hamsini, anakuja kunifundisha mimi, analala kwa kiti. Nikaona namchosha. Nikamwambia tupumzike kidogo." Akakung'uta vumbi kwenye sketi yangu. "Tukapumzika hivyo."

Niliiona ile Jumamosi yote kwa mara moja, blauzi, mlango, kicheko changu. Nilitaka kumwomba msamaha lakini matroni akaja akaniita. Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea, akaenda zake.

Likizo ya kwanza nilipofika nyumbani nilikitafuta kile kitabu kwenye sanduku la baba. Alasiri, mama akiwa kwenye cherehani, nikaketi kwenye mkeka na kufungua stesheni ya nne. "Keti hapo, nitafute jina lake kwenye daftari," nikasoma. Mguu wa mama ukasimama. Baada ya kitambo alianza kukanyaga tena, taratibu sana, ili mlio usizidi sauti yangu.

Nilisoma siku nne. Siku ya tano sikumsikia baba akiingia. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa madaftari, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Niliacha kusoma. Baba akavua viatu, akaja akaketi nami mkekani, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini, akanyoosha mkono. Nikampa kitabu.

"Tumefika wapi?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mama.

"Anaingia kwa mama wa uji," mama akasema.

Baba akasoma. Alikuwa na sauti nzito iliyokwaruza kidogo, na alimpa kila mtu sauti yake: mkuu wa stesheni alizungumza kwa pua, muuza uji kwa haraka, na mjane kwa upole, na kila alipoanza kusema alivuta pumzi kwanza. Tangu siku hiyo kazi ile ikawa yake. Nilipokuwa shuleni aliendelea, wiki nyingine kurasa mbili, wiki nyingine hakuna, kwa sababu mitihani ya kusahihisha ilikuwa mingi, na baadaye kwa sababu figo zake zilianza kuuma. Nikija likizo nilikuwa nikiuliza wamefika stesheni ya ngapi. Kila walipomaliza sura aliyoipenda mama, mama aliomba irudiwe, ikarudiwa.

Sikuwahi kumsikia baba akimwomba mama msamaha kwa maneno. Huenda alifanya hivyo nikiwa Kajiado.

Baba alifariki nikiwa kidato cha nne, wakati wa mvua za Aprili. Tulimzika kwao magharibi. Tuliporudi Noonkopir nilikiona kitabu juu ya cherehani, kipande cha kitambaa cha kijani kikiwa kati ya kurasa. Zilikuwa zimebaki sura tatu.

"Nikusomee?" nikamuuliza mama siku moja, majuma mengi baadaye.

"Hapana, mwanangu. Wacha."

Sikurudia kuuliza. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikapata kazi ya ofisi. Kitengela nayo ikajaa. Majumba yaliota nyuma yetu mpaka uwanda haukuonekana tena. Mama alikuwa ameniambia kwamba anakwenda "mkutano wa akina mama" Jumanne na Alhamisi alasiri, nami sikutilia maanani. Kumbe alikuwa akienda gumbaru, darasa la watu wazima, pale pale kanisani. Alianza na watu kumi na tatu, wengi wao akina mama wa Kimaasai. Yeyo wetu wa maziwa alikaa naye dawati moja.

Niligundua mwaka wa elfu mbili na saba. Nilikuwa nimenunua televisheni na mashine ya kuchezea diski, na kwenye kibanda kimoja cha mjini nikaikuta ile filamu. Niliibeba nyumbani siku ya Jumamosi, nikamwonyesha mama kava. Alilishika akalisogeza mbali kidogo na macho, na midomo yake ikaanza kutembea. Akasoma jina la filamu. Akasoma hata maandishi madogo ya chini.

Niliketi.

"Nilimaliza," akasema. "Zile sura tatu. Ilinichukua tangu Krismasi mpaka Pasaka. Neno likinishinda naliacha, kesho nalirudia."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nimalize kwanza. Ungeniambia nimekosea hapa, nimekosea pale." Alitabasamu kidogo. "Weka basi tuone."

Nikaweka. Mama alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani. Mjane akatokea, akafunga mlango wake, akashika njia ya reli. Mkuu wa stesheni ya kwanza akazungumza. Mama akakunja uso. Mjane akafungua mdomo, akamwambia yule mtu jina la mwanawe.

"Zima," mama akasema.

"Umeona kosa?"

"Hakuna kosa. Huyo mama anaigiza vizuri." Alikuwa ameanza kupapasa kitambaa chake cha kichwa. "Lakini mimi huyo mjane namjua kwa sauti ya baba yako. Nikiendelea kumsikiza huyu, nitapoteza ile ingine. Sasa ndio naanza kuisahau."

Nikazima. Kwa mara ya kwanza nilimwambia lile neno ambalo sikulisema kwenye benchi la Kajiado. Nilimwambia kwamba nilimcheka, kwamba nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa, na kwamba ninaomba anisamehe.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Aliyekuwa mkubwa ni baba yako, na yeye tulimalizana."

Akainuka akaenda kuanua nguo, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuleta vumbi la machimbo ya mawe. Mimi nilibaki nimeshika rimoti. Kwa sauti ya chini kabisa, ili mama kule nje asisikie, niliiwasha tena filamu, nikaitazama hadi mwisho, safari hii bila kuhesabu makosa.