Siku Niliyomfuta Mganga Mkuu

Namba ndiyo iliyokuwa ikinitesa. Kwenye kikasha cha barua pepe cha steshenari yangu hapa Bariadi kulikuwa na namba ya barua ambazo hazijasomwa, na mimi siwezi kukaa na namba ya namna hiyo. Nikifumba macho naiona. Nikichapa barua ya mteja, nafasi moja ikizidi kati ya maneno mawili, naprinti upya hata kama mwenyewe amesharidhika.

Anwani yangu nimeibandika mlangoni ili wateja watume kazi zao, kwa hiyo na matapeli waliipata. Kila asubuhi ni pete ya utajiri, mvuto wa biashara, mganga anayerudisha mpenzi aliyeondoka. Barua ya mteja inazama humo, naye amesimama kaunta ananitazama. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa video na kwa kuharibu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza na vichujio: unaandika neno, na kila barua yenye neno hilo inakwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Nikaandika pete. Nikaandika mvuto. Nikaandika mganga. Kesho yake kikasha kilikuwa kisafi, nikajiona fundi. Pipa lenyewe nikawa nalimwaga kila jioni kabla ya kufunga, bila kulitazama, maana hata taka zikikaa zinanikera.

Dada yangu ni muuguzi. Tangu amalize chuo alikuwa anajitolea tu kwenye zahanati moja upande wa Lalago, ana watoto wawili na simu ya vitufe. Zilipotangazwa nafasi za mkataba mkoani akaomba, na kwenye fomu tukaandika anwani yangu. Aliniambia wazi kwamba nafasi hii ikimpita, anavua sare na kwenda kulima pamba kama wenzake.

Alikuwa akinipigia simu kila asubuhi, akianza na salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mdogo wangu. Wameandika?"

"Bado, dada."

"Umeangalia vizuri?"

"Kwangu hakipotei kitu."

Nilisema hivyo, tena kwa kujisikia.

Siku moja akaja mama mmoja mwalimu, akataka nimchapie ombi la kwenda kwa Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya. Nikaandika Kwa, nikaandika Mganga, vidole vikasimama.

"Vipi baba, umesahau herufi?" akasema. "Au mganga mwenyewe unamwogopa?"

Nikafungua pipa. Tupu. Nikatafuta kwa jina la dada, nikatafuta kwa neno usaili, nikatafuta kila mahali ambapo nilijua kabisa hakuna kitu. Mganga wa pete na Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye barua ya dada ingetoka ofisini kwake, kwa kichujio changu walikuwa mtu mmoja. Nikamwacha yule mama kaunta na ukurasa wake wa maneno mawili, nikapanda bodaboda.

Ofisini kwa Mganga Mkuu nilimkuta karani, mwanamke aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mwenye maneno ya upole. Nilimweleza, maneno yakitoka ovyo. Akatafuta kwenye kompyuta yake.

"Huyu tulimwandikia wiki iliyopita. Anwani si hii?"

"Ndiyo hii. Niliifuta. Niliweka kichujio cha waganga."

"Waganga gani?"

"Wa pete."

Akaziba mdomo kwa mkono, akacheka. "Kwa hiyo, kaka yangu, Mganga Mkuu umemfuta pamoja na wale wa majini?" Kisha akaniona uso, kicheko kikakatika. "Usaili ulikuwa jana. Majina yameshapelekwa juu."

"Nitamleta leo hii. Nitamleta mwenyewe."

"Umlete kwa nani? Jopo limeshaondoka. Mimi ni karani tu, mwenzio."

Nikaendelea kusimama pale kana kwamba kuna sentensi ambayo ningeipanga sawasawa na mlango ungefunguka. Akanivutia kiti. Sikukaa.

Nje, juani, nilianza kutunga namna ya kumwambia. Nilitunga, nikafuta kichwani, nikatunga tena, nikitafuta maneno yasiyo na kosa. Simu ikaita kabla sijayapata.

"Nasikia watu wameitwa," dada akasema. "Mimi je, wameniita?"

"Walikuita."

Alilisikia hilo neno vizuri.

"Lini?"

"Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Barua niliifuta mimi, dada. Sikuiona. Niliweka kitu kwenye kompyuta kikaifuta."

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, na mwanamke akiita nesi, nesi.

"Subiri," akasema. "Kuna mgonjwa."

Akaiweka simu mezani bila kuikata. Nikasimama palepale juani nikimsikiliza akimwelekeza yule mama amshike mtoto mkono, amshike hivyohivyo, asimwachie.