Nilipamba GRUB ya Kompyuta ya Kanisa na Picha ya Wawira

Nimekosa, jameni! Sina wa kumlaumu. Ni mimi na hii mikono yangu.

Kanisani kwetu, upande wa Kianjokoma, mimi ndiye huangalia kompyuta ya projekta. Ina Linux, ndiyo programu inayoiendesha. Kabla ifunguke, kunakuja ukurasa mweusi unaitwa GRUB, unakuuliza unataka kuingia wapi. Mweusi tititi, na ni kanisani! Nikajifunza kuupamba.

Ningeweka msalaba. Wapi! Niliweka picha ya Wawira wa kwaya, nikajibandika kando yake na suti ya kuazima. Palipoandikwa Ubuntu, jina la hiyo Linux, nikaandika "Harusi ya Wawira na mimi". Tena nikaiambia isubiri bila mwisho mpaka mtu abonyeze Enter, ndio nikiwa peke yangu nimwangalie nishibe.

Wawira mwenyewe sikuwa nimemwambia kitu. Hata kumsalimia nilikuwa natetemeka!

Jumapili moja pasta alikuwa anaonyesha kwa projekta picha za wanaotaka kuoana, vile hufanywa kwetu, watu waseme kama kuna pingamizi. Stima ikapotea! Betri ya hiyo kompyuta ilikufa zamani. Nikakimbia nje kuwasha jenereta. Kumbe mzee mmoja wa kanisa ameamua kunisaidia, akawasha kompyuta mwenyewe.

Nikasikia akina mama wakipiga ngemi, vile vigelegele vya shangwe. Nikafurahi, nikidhani wanashangilia jenereta!

Kuingia ndani, nikajiona kwa ukuta, meno yote nje.

"Na hii ya chini," pasta anasoma, "'Harusi, njia ya dharura'. Dharura gani, kijana?"

Woi! Hiyo ni ya kurekebisha Linux ikiharibika, neno Harusi liliingia tu mahali pa Ubuntu! Nani angeniamini?

Mamake Wawira akasimama. "Wewe! Kwetu hujaleta hata mbuzi mmoja, unaleta picha?"

Nilibonyeza Enter nikilia.

Baadaye nilimfuata Wawira kando ya tanki la maji, nikaomba msamaha. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Si ungeniuliza tu?" akasema. "Nimengoja uniulize tangu Krismasi. Sasa kanisa lote limeshanijibia."

Siku hizi anaenda ibada ya kwanza. Tukipatana sokoni, ananipita kama mlingoti wa stima.

Vijana wenzangu, ukipenda mtu, mwambie kwa mdomo, hata kama unatetemeka! Na GRUB ikikusumbua macho, weka picha ya maua. Maua hayatakunyamazia.