Mwanga Ulioniibia Usingizi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, miaka ya tisini, niliposinzia huku maisha ya mtu yakiwa mikononi mwangu. Mwanangu, sikuwa nimekunywa hata tone la pombe. Nilikuwa nimesoma.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kazi yetu, mimi na rafiki yangu Masanja, ilikuwa kuzungusha gogo la kamba juu ya shimo, au duara kama wachimbaji wanavyoliita. Yeye mkono huu wa chuma, mimi mkono ule, tunawateremsha watu na kupandisha mawe ya dhahabu. Usiku nililala stoo kwa Bwana Karimu, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, ili nimlindie mali. Jenereta lake liliunguruma usiku kucha kwa ajili ya jokofu la samaki wa kutoka Nkome, basi akaniruhusu nitazame televisheni na kanda zake za video.

Filamu zile za Kihindi zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Nami nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikakitamani Kiingereza kama mgonjwa anavyotamani maji. Nikawa najilaza kitandani, kioo kile kikinimulika usoni, nasoma mstari kwa mstari. Nikizima, macho yanabaki makavu, mawazo yanakimbia, usingizi hauji mpaka majogoo. Elimu haina mwisho, nilijiambia, usingizi ni wa wavivu. Ujana una majibu mengi, mwanangu.

Asubuhi ile tulikuwa tunamteremsha Mzee Luhende, kiongozi wetu shimoni. Kope zikanishuka mara moja tu. Nilizinduliwa na ukelele. Mkono wa chuma ulikuwa umenichomoka, gogo linazunguka kama limepandwa na mashetani. Masanja hakukimbia. Aliudaka tena mkono wa chuma wa upande wake, ukampiga ukamvunja mkono wa kulia, naye akajitupa juu ya gogo kwa kifua mpaka kamba ikasimama. Mzee Luhende alibaki ananing'inia gizani, hai. Watu wakaja mbio, wakamvuta.

Masanja alipakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali, mkono umefungwa kwa kitenge. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee Luhende alijikung'uta vumbi, akanikalisha chini.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "jana ulilala saa ngapi?"

"Niliingia kitandani saa tatu, Mzee."

"Sikukuuliza uliingia lini kitandani. Nimeuliza ulilala saa ngapi."

Nikamweleza yote.

"Washa karabai kwenye banda la kuku," akasema, "uone kama watalala. Wanadhani jua halijazama. Na wewe unajiwashia jua usoni, halafu unauita usingizi! Kusoma ni kuzuri. Soma mchana. Kamba yangu hutaigusa mpaka ulale usiku saba."

Niliapa moyoni nitalala siku zote saba hata kama itanibidi kujifunga kitandani. Nilimwomba Bwana Karimu aihamishie televisheni nyumbani kwake. Siku tatu za kwanza nilijigeuza kama samaki kikaangoni. Ya nne, usingizi ukaja mapema, nao ulikuwa mtamu, mwanangu, sikuwa nimeukumbuka utamu wake. Mchana nilibeba mawe, na wakati wa mapumziko nikaandika maneno ya Kiingereza kwenye daftari. Nilishangaa: niliyoyasoma sasa yalikaa kichwani.

Nilipotimiza usiku saba wa kulala, Mzee Luhende alikuwa wa kwanza kujifunga kamba kiunoni. Alinitazama machoni, akasema, "Nishushe." Nikamshusha polepole, mimi na kijana aliyeshika nafasi ya Masanja, jasho likinitoka kama mvua.

Lakini mkono wa Masanja uliunga umepinda. Hakuweza tena kazi ile. Alihamia Nkome kuuza dagaa. Amenisamehe zamani, ila kila tunaposalimiana huninyooshea wa kushoto. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sasa nawaona ninyi na simu zenu, mnasoma chini ya shuka, kioo kinang'aa usoni. Hata kama unachosoma ni Maandiko Matakatifu, mwanga ule haujui tofauti. Zima saa moja kabla ya kulala. Simu iache sebuleni, si chini ya mto. Kama una kiu ya kusoma, shika kitabu cha karatasi kwa taa hafifu, au amka na jua. Usiseme "dakika tano tu"; nilizisema mimi. Na ukiwa umekesha, usione haya kumwambia mwenzako, "Leo sifai kushika kamba." Anza leo, usingoje kesho.

Mungu akupe usiku wenye utulivu na asubuhi yenye macho mazima, na wote wanaokutegemea warudi kwao salama.