Gunzi kwenye Chupa ya Namalwa

"Umeichora kama chupa ya manukato! Gunzi liko wapi?" Wangu alifoka.

Sifuna, mpangaji wake mchora mabango, alisuuza brashi. "Mama Thuo, gunzi la mahindi litaharibu picha."

"Ndilo lililoiziba miaka yote! Leo chupa inarudi kwa mwenyewe, nitabaki na picha tu. Sitaki picha ya uongo. Chora!"

Sifuna akachora gunzi, rangi za maji zikamtiririka hadi kiwikoni.

Chupa yenyewe ilikuwa nzito, ya kijani, ya enzi za wakoloni. Namalwa, rafiki wa zamani wa Wangu, alipewa na mzungu mmoja alipokuwa akimfulia nguo mtaa wa Woodley. Miaka ya themanini, yeye na Wangu waliitumia kupimia wateja chang'aa, pombe haramu, hapo Riruta. Siku polisi walipovamia, Wangu aliifukia kwenye shamba lake la sukuma wiki, akaacha mche mmoja mrefu uwe alama. Namalwa akakamatwa. Kumbe mama mkwe wa Wangu alikuja kutembea, akaona mche mnono, akaung'oa akapika! Namalwa alipotoka walichimba shamba zima, wapi.

"Umeiuza," Namalwa alisema, akahama. Hawakusemezana tena, mpaka juzi mafundi waliochimba msingi wa vyumba vipya vya Wangu hapo shambani walipoigonga kwa jembe. Nzima!

Wangu alishuka mjini mbio, chupa na picha ya kumwonyesha zikiwa ndani ya leso, moyo ukimruka kama wa msichana. Namalwa alikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji, River Road, sindano mdomoni.

"Sikuiuza!" Wangu alisema hata kabla ya salamu, akaiweka juu ya cherehani.

Namalwa akatema sindano. Akainusa chupa. Akafunua picha, akaona gunzi, akaangua kicheko.

"Wangu! Unakumbuka ulivyoruka ua na sufuria kichwani?"

"Na wewe uliyejificha kwenye banda la kuku ukapiga chafya!"

Walicheka hadi mteja akaacha kitambaa chake akaondoka.

"Tuliteseka," Namalwa alisema akifuta macho.

"Tuliteseka, lakini tulikuwa wawili."

Namalwa akakunja leso juu ya chupa, akamrudishia. "Kaa nayo. Hiyo siidai tena, ilinilaza jela." Picha akaipachika ukutani kwa pini.

"We! Hiyo picha ni yangu!"

"Basi sasa nidai wewe," Namalwa alisema, akamvutia kiti.